Tulipu, hayasinti, narsisi au amarilisi: lipi litachanua sebuleni kwako Arusha au Moshi?

Kila mwezi wa sita ukikaribia, baridi ikianza kuteremka kutoka Mlima Meru, maswali ya tulipu huanza. Wa Arusha anauliza, "Huku kwetu tunavaa masweta asubuhi, kwa nini tulipu zisitoke?" Wa Moshi anauliza kwa wasiwasi zaidi, "Mimi niko Pasua, joto tupu. Nikiagiza nitakuwa nimetupa hela?" Wote wawili wanataka kitu kimoja: chungu cha maua kimekaa mezani, ndani ya nyumba, kimechanua siku wanayoitaka wao.

Inawezekana, Arusha na Moshi pia. Lakini maua ya vitunguu, yaani yale yanayoota kutoka kwenye kitunguu kinachofanana na kitunguu maji, yanayofaa kuchanuliwa ndani ni zaidi ya tulipu, na kwa nyumba nyingi za huku kwetu tulipu siyo chaguo la kwanza. Msimamo wangu nauweka mbele kabisa: kama una friji ya pili, au nafasi ya uhakika kwenye friji kwa miezi mitatu na nusu, chukua tulipu bila woga. Kama friji ni moja ya familia nzima na ndani yake hapakosi matunda, chukua amarilisi. Hayasinti ni ya mtu anayetaka harufu. Narsisi ni ya mtu mwenye haraka.

Baridi ya Arusha na baridi ya tulipu

Tulipu imetoka kwenye milima ya Asia ya Kati, pande za Tian Shan, ambako ardhi hulala chini ya theluji kwa miezi kadhaa, kisha kiangazi kinakuja kikavu. Kitunguu chake kimejipanga kwa maisha hayo. Chukua kimoja, hata kama roho inauma, ukipasue kwa kisu cha jikoni kutoka kwenye ncha hadi kwenye kitako. Katikati ya zile nyama nyeupe utakuta ua zima limeshaumbika, dogo sana, lakini petali unaziona na majani yamelizunguka. Ua hilo liliumbwa kitunguu kikiwa kimekauka ghalani, kabla hakijakufikia. Kwa hiyo ua umeshalinunua. Ambacho hujakipata ni shina la kulibeba, na shina haliwezi kurefuka inavyotakiwa mpaka kitunguu kipitie baridi. Ndani ya baridi wanga hugeuka kuwa sukari, na kikiwa kwenye udongo wenye unyevu mizizi nayo husambaa kimyakimya.

Kipimo chake ni wiki 12 hadi 16, kwenye nyuzi joto 2 hadi 9, mfululizo. Ukikatisha mapema, majani yatatoka vizuri tu na utafurahi. Kisha utaona ua limekwama chini kati ya majani, fupi, au limekaukia humohumo kabla halijafunguka.

Sasa angalia hali yetu. Arusha mjini iko mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari. Usiku wa mwezi wa saba unashuka hadi nyuzi 12 au 13, na mchana jua likitoka unapita 20. Ngaramtoni na Ilboru ni baridi zaidi ya Njiro, kila mkazi anajua, lakini hata huko hutapata wiki 14 za nyuzi 9 usiku na mchana. Moshi mjini iko chini zaidi, kwenye mita 800 na kidogo, na joto lake halina mjadala. Baridi ya kweli ya tulipu iko juu ya Mlima Kilimanjaro, kule kambi ya Horombo kwenye mita 3,720, na kule ni hifadhi ya taifa ambako mimea ya kigeni haipelekwi. Kwa hiyo majira ya baridi ya tulipu yetu yatatoka kwenye friji, iwe uko Sakina au Majengo.

Friji ndiyo inayoamua

Kwa tulipu nasisitiza friji kuliko udongo, mbolea au chungu, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapopotezea maua yao bila kujua sababu.

Adui mkubwa si umeme, ni matunda. Matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huua lile ua changa ndani ya kitunguu. Kitunguu chenyewe hakiozi, ukikishika bado kigumu, majani yatachipua, ila ua limeshakufa. Na sisi tunaishi mahali ambapo parachichi, ndizi, embe na nyanya hazikosekani nyumbani. Parachichi ni hatari hasa, maana tunaziweka friji zikiwa zimeshaanza kulainika, wakati zinatoa gesi kwa wingi. Tufaha nazo ni hivyohivyo. Maziwa, karoti na mchicha havina shida. Kama huwezi kumwambia mama, au dada anayekusaidia nyumbani, "naomba parachichi zisiingie humu mpaka mwezi wa saba," na neno hilo likashikwa, basi huna friji ya tulipu hata kama friji unayo.

Umeme ukikatika saa tatu nne, usihangaike. Friji iliyofungwa hutunza baridi kwa muda huo, na kitunguu kilichoko kwenye udongo wenye unyevu hakibadiliki joto haraka. Acha tu kufungua mlango kila saa kuchungulia. Kukatika kwa siku nzima mara moja hakuui zao, ila ongeza siku mwishoni kufidia. Mahali ambapo umeme hukatika siku mbili tatu mfululizo kila mwezi, ningekushauri usianze tulipu kabisa.

Joto la kulenga ni nyuzi 4 hadi 6. Nunua kipimajoto kidogo ukiweke pembeni ya chungu, kwa sababu namba za kwenye kitufe cha friji hazikuambii nyuzi. Usisogeze chungu karibu na sehemu ya kugandishia, kitunguu kikiganda ndani ya friji ya nyumbani mara nyingi kimekwisha. Friji zisizoshika barafu hukausha hewa, hivyo funika chungu na mfuko uliotobolewa matundu na ukague udongo kila wiki: uwe na unyevu, usiwe tope. Wenye duka wanaotumia friji ya soda wanaweza kuitumia vizuri, mradi chungu kifunikwe na karatasi ya kaki, kwani taa na kile kioo cha mlango huleta mwanga, na kipindi hiki kitunguu kinataka giza.

Kuna njia mbili za kuvilaza. Ya kwanza ni kupanda kwenye chungu kabisa, kisha chungu kinaingia friji. Chungu cha upana wa sentimita 15 hubeba vitunguu vitano au sita, ncha zikichungulia usawa wa udongo. Kitunguu cha tulipu kina upande mmoja uliolala bapa. Elekeza upande huo kwenye ukingo wa chungu, maana jani la kwanza, lile pana, hutokea upande huo na litainama nje badala ya kusongamana katikati. Ya pili ni kuviweka vikavu kwenye mfuko wa karatasi, kisha kuvipanda baridi yake ikiisha. Mfuko hauchukui nafasi, ndiyo faida yake. Lakini kitunguu kilicholala kikavu bado hakina mizizi, na mizizi ya tulipu hupenda udongo wa baridi, chini ya nyuzi 13 hivi.

Hapo ndipo Arusha na Moshi zinapoachana. Aliyeko Ilboru au Ngaramtoni anaweza kutumia mfuko, akapanda mwezi wa sita, akaweka chungu kwenye baraza la upande wa kivuli, na mizizi itatoka. Aliyeko Moshi mjini asitumie mfuko. Apande kwanza, chungu kiingie friji, mizizi iotee humohumo kwenye baridi. Akitoa chungu akakigeuza, aone mizizi myeupe imefika kwenye matundu ya chini. Kama haijafika, kirudi ndani wiki mbili nyingine.

Vitunguu vya kaskazini na vya kusini

Watu wengi huagiza Uholanzi, na Uholanzi huvuna vitunguu mwezi wa sita na wa saba, vikauzwa kuanzia Agosti hadi Novemba. Vikikufikia Oktoba, ukavilaza wiki 14 au 15, vinatoka friji mwishoni mwa Januari na kuchanua Februari. Februari ni kiangazi chetu. Moshi wakati huo mchana ni moto kweli, na tulipu kwenye chumba cha nyuzi 28 hufunguka asubuhi, ikawa imepanuka kabisa mchana, na baada ya siku chache petali ziko mezani. Umetumia umeme wa miezi mitatu kwa maua ya siku tatu nne. Arusha itakwenda kidogo vizuri zaidi, si sana.

Njia nzuri kwetu ni kutafuta vitunguu vya nusu ya kusini ya dunia: Afrika Kusini, Chile, New Zealand. Huko misimu imegeuka, vitunguu vinavunwa Desemba na Januari, hivyo Februari au Machi viko tayari kuingia friji. Hesabu yake inakaa vizuri ajabu na kalenda yetu. Ukiviingiza mwishoni mwa Machi, masika ikiwa inaanza, wiki 15 zinakufikisha katikati ya Julai. Ongeza wiki tatu au nne za kuchipua, una tulipu zilizochanua wiki ya Nane Nane, kipupwe kikiwa bado hakijaondoka. Sebule ya Arusha wakati huo iko nyuzi 16 hadi 20, na tulipu hupenda hivyo hasa. Zitakaa wiki moja na zaidi. Usiku zitoe barazani, asubuhi zirudishe, zitakaa zaidi.

Kwa Moshi mpango ni huohuo, ila chagua chumba cha upande wa kusini mwa nyumba, ambacho hakipigwi jua la Julai, chenye sakafu ya saruji. Walioko juu kidogo, Machame, Kibosho, Marangu, wana hali ya hewa inayokaribia ya Arusha na hata kuizidi, kwa hiyo wafuate ushauri wa Arusha.

Chungu kikitoka friji, machipukizi huwa mafupi na yamepauka. Usikipeleke dirishani siku hiyohiyo. Kiache siku nne tano kwenye kona yenye mwanga hafifu na ubaridi, yageuke kijani, ndipo ukisogeze kwenye mwanga mzuri usio na jua kali.

Kuhusu aina, uliza zile zinazojulikana kwa kuchanuliwa ndani: 'Apricot Beauty', 'Purissima', 'Leen van der Mark', 'Ile de France', 'Strong Gold', 'Christmas Marvel'. Zile za kuchanua mwisho wa msimu na zenye petali zilizochanika zinapendeza pichani, lakini zinadai wiki nyingi zaidi za baridi na husumbua. Ziache kwanza.

Na ujue kabisa kwamba tulipu ya ndani ni ya mara moja. Ikishachanua, kitunguu kimejimaliza, na udongo wetu wa joto hautakirudisha. Bei unayolipa ni ya maua ya wiki moja. Kuna watu wanaona inastahili, mimi ni mmoja wao, ila ni vizuri kuamua ukijua.

Hayasinti

Yenyewe pia inataka friji, ila inavumilia zaidi. Wiki 10 hadi 14 zinatosha, na ile iliyoandaliwa na wakulima kwa ajili ya kuwahi inaridhika na wiki pungufu ya hizo. Asili yake ni Uturuki, Syria na Lebanon. Faida yake kwa friji ndogo ni kwamba kitunguu kimoja kinajitosheleza: kiweke kwenye glasi yenye shingo nyembamba, maji yakaribie kitako bila kukigusa, kikae gizani kwenye baridi mpaka mizizi ijaze glasi na chipukizi lifike sentimita nne au tano. Ukikitoa, wiki mbili tatu una ua.

Harufu yake inajaza nyumba. Kwa wengine ni raha, kwa mwenye pumu au kipandauso inaweza kuwa mateso, na sebule ndogo yenye madirisha yaliyofungwa kwa baridi ya Julai haifai zaidi ya ua moja. Kingine: unapovishika vitunguu vyake vaa glavu, maana magamba yake yana chembechembe ndogo kali zinazowasha mikono vibaya. Sheria ya matunda kwenye friji ni ileile ya tulipu.

Narsisi nyeupe, bila friji

Hii inauzwa kwa jina la Paperwhite, na kwao ni pwani za Mediterania, ambako baridi ni ya mvua na upole. Haihitaji friji hata siku moja. Chukua bakuli, weka kokoto au ile changarawe nyekundu ya volkano tunayoipata kirahisi huku kwetu, kaza vitunguu juu yake, weka maji yaguse vitako tu. Wiki nne hadi sita, maua meupe yaliyojikusanya.

Tatizo lake ni kurefuka na kuanguka. Joto likizidi na mwanga ukipungua, majani hukimbilia juu, shina linalegea, na bakuli zima linalala mezani. Moshi hali hiyo ni karibu uhakika. Dawa yake ipo na ni nzuri kweli: mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walieleza kwamba ukinywesha narsisi hizi maji yenye pombe ya asilimia 4 hadi 6, mimea hubaki mifupi kwa theluthi moja hadi nusu, na maua hayapungui ukubwa wala siku. Kwetu hesabu ni rahisi. Konyagi ina asilimia 35, kwa hiyo kipimo kimoja cha Konyagi kwa vipimo sita vya maji kinakupa asilimia 5. Anza na maji matupu mpaka mizizi itoke na chipukizi lifike sentimita tatu hadi tano, mwaga maji hayo, kisha tumia mchanganyiko mpaka mwisho. Usitumie bia wala mvinyo, sukari yake inaharibu mizizi.

Harufu yake inagawa watu: kuna waipendao na kuna wanaoomba bakuli litolewe nje. Na kama tulipu, ikishachanua kwenye maji imekwisha, itupe.

Amarilisi, na kwa nini ndiyo naipendekeza zaidi

Hii ndiyo inayoendana na nyumba zetu. Ni ya Amerika ya Kusini, Brazili, Bolivia na Peru, kwenye nchi za joto zenye msimu wa mvua na msimu wa ukame, na haijui theluji. Kinachoilaza ni ukame, kinachoiamsha ni maji. Kipindi cha kulala hupenda nyuzi 13 hivi, wiki 8 hadi 10, na huo ndio usiku wa Arusha wa kipupwe. Baridi ileile isiyofika kwenye kiwango cha tulipu inaitosha amarilisi bila kutumia hata uniti moja ya luku.

Isitoshe, iko tayari mitaani. Pita Sanawari, Tengeru au Shanty Town mvua zikianza utaziona kwenye bustani za zamani, nyekundu au zenye michirizi myeupe. Jirani akizipunguza ili zipate nafasi, muombe watoto wa kitunguu wanaoota pembeni. Watachukua miaka miwili hadi minne kabla hawajachanua, lakini ni bure. Ukitaka maua makubwa mwaka huuhuu, nunua kitunguu kikubwa chenye mzingo wa sentimita 26 au zaidi, kutoka Afrika Kusini au Uholanzi. Cha sentimita 30 na kitu hutoa mashina mawili, pengine matatu, kila moja na maua manne hivi, mapana kuliko kiganja changu.

Chungu kiwe kidogo: kizidi kitunguu sentimita tatu hadi tano tu upana. Watu wengi huipa chungu kikubwa kwa wema, na udongo mwingi unashika maji mengi, kitako kinaoza. Theluthi moja ya kitunguu ibaki juu ya udongo. Mwagilia mara moja vizuri, kisha kidogo sana mpaka uone dalili. Dalili yenyewe inafurahisha: pembeni mwa shingo ya kitunguu hutokea ncha ya kijani, mnene kama kidole gumba na bapa kidogo. Hilo ni ua. Jani hutoka likiwa jembamba na limekatika bapa juu. Ukishajua tofauti hiyo hutakuwa na wasiwasi tena, utajua siku ya kwanza kabisa kama mwaka huu una maua. Kuanzia hapo ongeza maji, na zungusha chungu robo kila siku mbili, vinginevyo shina linapinda kufuata dirisha. Toka kupanda hadi kuchanua ni wiki sita hadi kumi. Moshi itawahi, Arusha ya mwezi wa saba itachelewa.

Baada ya maua kata shina, acha majani. Majani ndiyo yanayojenga ua la mwakani, kwa hiyo chungu kitoke nje kwenye jua la asubuhi, kipate mbolea na maji miezi yote ya kukua. Hapo kuna adui mmoja unayepaswa kumjua: viwavi weusi wenye madoa na mistari ya manjano, wanaokula jani mpaka shingoni kisha wanachimba kuingia kwenye kitunguu. Wakiingia ndani umechelewa. Kagua nyuma ya majani jioni, watoe kwa mkono.

Amarilisi moja iliyotunzwa hivi hukaa na familia miaka mingi, na hii ndiyo tofauti kubwa na wale wengine watatu. Wao wanauza maua. Huyu anakupa mmea.

Kuchagua kwa tarehe

Sherehe ina tarehe, na tarehe ndiyo inayokata maneno mara nyingi. Kwa Krismasi ya Moshi, pale ndugu wote wanapopanda kutoka Dar na nyumba inajaa, usifikirie tulipu. Ungetakiwa kuviingiza vitunguu friji katikati ya Agosti, wakati vya kaskazini ndiyo kwanza vinaanza kuuzwa, na vingechanua kwenye joto la Desemba katikati ya friji iliyojaa nyama na matunda. Amarilisi inyime maji kuanzia katikati ya Agosti, iache ilale barazani, ipande upya au uanze kuimwagilia mwisho wa Oktoba au siku za kwanza za Novemba. Narsisi iwekwe kwenye maji yapata tarehe 20 Novemba. Zote mbili zitakutana na wageni.

Kwa send-off, kipaimara au harusi ya Julai na Agosti, hasa Arusha, tulipu inashindana vizuri na ndiyo itakayowashangaza watu. Panda vyungu kwa awamu, vingine viingie friji wiki moja baada ya vingine, kwa sababu vikichanua vyote siku tatu kabla hutaweza kuvizuia. Ukiona vinawahi, rudisha chungu friji usiku; ukiona vinachelewa, kisogeze chumba chenye joto kidogo.

Pasaka inahamahama na huangukia Machi au Aprili, mwisho wa joto na mwanzo wa mvua. Hapo hayasinti ya vitunguu vya kaskazini inaweza kufika, kwa mwenye friji. Kwa wengine wote, amarilisi tena.

Kuna na ua letu wenyewe ambalo sijaona likipewa heshima yake ndani ya nyumba: lile duara jekundu la nywelenywele linaloibuka ardhini mvua zikianza, kabla hata majani hayajakamilika. Wataalamu huliita Scadoxus multiflorus, na ni la porini Tanzania. Kitunguu chake kinapandwa chunguni, kinalazwa kikavu kiangazi, kinaamshwa kwa maji. Usikifukue msituni, tafuta kwa wanaouza miche kando ya barabara.

Kabla hujatoa hela

Vitunguu hivi vyote ni sumu, cha kienyeji nacho kimo. Kwa macho vinafanana sana na vitunguu maji, kwa hiyo visikae jikoni bila kuandikwa, na ndani ya friji mfuko uwe na maandishi makubwa. Mbwa na paka pia hudhurika. Waholanzi walikula vitunguu vya tulipu katika njaa ya vita ya 1944 hadi 1945, wakitoa kwanza kile kiini cha katikati, na ilikuwa ni kwa kukosa kabisa. Narsisi ndiyo yenye kutapisha vibaya.

Kuagiza nje kuna utaratibu. Unatakiwa uwe na kibali cha kuingiza mimea kabla mzigo haujaondoka huko, na mzigo uje na cheti cha afya ya mimea cha nchi ulikotoka. Kibali kinatolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, ambayo makao yake yako hapahapa Ngaramtoni, kwa hiyo mtu wa Arusha hana sababu ya kuruka hatua hiyo. Ni rahisi zaidi mkiwa kundi la majirani mnaagiza pamoja kibali kimoja, mzigo mmoja.

Mzigo ukifika, shika kitunguu kimoja kimoja. Kiwe kizito kwa ukubwa wake na kigumu ukikibana kitakoni. Ukungu wa bluu kidogo juu ya ganda si tatizo, ufute na kitambaa kikavu. Cha kuogopa ni kitunguu cha tulipu kinachotoa harufu ya uchachu, chepesi, chenye doa la kahawia: huo ni ugonjwa wa fuzari, na kitunguu kinachougua nacho hutoa ethilini ileile ya matunda. Kimoja kikiingia friji pamoja na wenzake kinaweza kuua maua ya chungu kizima. Kitoe hapohapo, usikiwekee huruma, na mwambie muuzaji akufidie.